Chokaa Kwenye Wavu wa Papa

Papa,

Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, Mama amejinyoosha kidogo, na mi nimekaa kwenye kibanda chako cha kuziba mipira ya baiskeli, hapa hapa Bwiza pembeni ya barabara. Mlango nimeurudisha nusu ili watu wasidhani kuna kazi. Mbwa wako, yule uliyempa jina Watasema, amelala juu ya miguu yangu. Amezeeka, Papa. Akisikia baiskeli inapita anainua kichwa, anaangalia kama ni we, halafu anakirudisha chini. Miezi ya kwanza hata mi nilikuwa nafanya vile, sikatai.

Nakuandikia kwa sababu kuna neno sikukuambia ulipokuwa hai. Ulizikwa na jina la mtu aliyevunja sheria ya pori, na waliokupa jina hilo ni wenzako wa kuwinda, watu mliogawana sungura mmoja miaka na miaka. Sheria ile niliivunja mi. We ulijua. Na mi nilijua kwamba unajua. Tukakaa hivyo, tunapeana chumvi mezani, tunaulizana kama mvua itanyesha.

Lakini nikupe habari kwanza, maana ulikuwa hupendi mutu anayeingia na maneno mazito kabla hajasalimia. Mama ni mzima, mguu tu unamsumbua. Mafuta ya magari yamekosekana mji mzima, watu wa Kiriri wenye magari mazuri wameyaegesha nyumbani, na baiskeli zimejaa barabarani. Ungekuwepo ungeziba mipira mpaka ukasirike. Mi ninaziba jioni nikitoka dukani kule Asiatique. Siku nzima ninapima vitenge, saa kumi na moja nakuja kujipaka gundi. Kiraka changu cha kwanza kilishika mpaka kwenye kona ile pale, basi. Mwenye baiskeli alirudi anaisukuma na maneno aliyoniambia siwezi kuyaandika siku ya Bwana.

Mama Zaina wa jirani bado ana mdomo uleule. Hapo hakuna habari mpya.

Sasa nikwambie lile.

Unakumbuka nilivyoanza kukufuata kule chini, uwanda wa Imbo, kando ya ziwa? Watu walicheka. Mutoto mwanamke, tena mkubwa, anashika wavu! We ukawaambia, "Wavu unataka mikono, hautaki suruali." Ukanifundisha. Ukanionyesha sungura anapolala mchana, kwenye kishimo kidogo cha nyasi, mgongo kwenye upepo. Ukanifundisha kuziba kengele ya mbao ya mbwa kwa nyasi tukiwa njiani, ili isilie na kuamsha pori lote, na kuzitoa nyasi pale tu tunapomwachia mbwa aingie. Na ukanifundisha sheria, moja moja, hata kabla sijagusa wavu. Tunawinda Jumamosi tu, wakati wa kiangazi. Wavu na mbwa peke yake, hakuna waya, hakuna sumu. Jike mwenye maziwa anaachiwa. Ardhi ile ya majani ni ya watu wote, wachungaji na wawindaji, lakini mwisho wake ni vigingi vyeupe, vile vilivyopakwa chokaa, na nyuma ya vigingi kila chenye pumzi ni cha serikali. Sungura akipita pale, unamwita mbwa, unarudi. Mwenye karatasi ya kuwinda akivuka, karatasi inachukuliwa. Asiye na karatasi akivuka, anafungwa kasho, analala chini kwenye sementi mpaka watakapomkumbuka.

Nilikuuliza, lakini Papa, sungura mwenyewe si anapita tu huku na huku? Ukacheka. "Sungura hasomi vigingi, mama yangu. We unasoma."

Na mi sikuwa na karatasi. Nilikuwa mshika wavu, naingia kwa karatasi yako.

Mwaka jana macho yako yalianza kuingia ukungu. Hukusema, na mi sikusema. Nilikuona tu unaingiza kidole kwenye tundu la mpira ili ujue liko wapi, wakati zamani ulikuwa unalitazama mara moja tu. Kule chini ukawa unafunga wavu upande wa upepo, na Mzee Yohana, kwa vile ndiye mkubwa wenu, anazunguka polepole nyuma yako anaufunga upya bila kukwambia. Jumamosi ya kwanza tukarudi bila kitu. Ya pili bila kitu. Mama Zaina amekaa mlangoni kwake anachambua maharage, anapaza sauti barabara nzima isikie, "Papa Faida, leo tena mumewinda upepo?" Watu wakacheka, na we ukacheka. Lakini tangu siku ile ukaanza kunipitisha njia ya nyuma, kule kwenye mifereji, eti ni karibu. Papa, si karibu. Ile njia ilinichoma moyo kuliko kicheko.

Jumamosi ya tatu, sungura akaamka. Unamkumbuka, mkubwa, masikio yana weusi nchani. Watasema akamsukuma vizuri kabisa, sawa na we ulivyomfundisha, moja kwa moja mpaka kwenye wavu. Lakini upande wangu ulikuwa umefungwa juu mno. Sisemi nani aliufunga. Akapita chini, akapita kigingi, akaishiwa nguvu akalala hatua tatu tu upande wa pili. Hatua tatu! Ukapiga mluzi, mbwa akarudi. Ukaniuliza kutoka kule, "Ameenda?"

Wenzako walikuwa chini kwenye bonde, hakuna aliyekuwa ananiona. Nikang'oa ukingo wa wavu, nikaupitisha juu ya kigingi, nikamrushia. Akanaswa. Nikamvuta, nikarudisha wavu mahali pake, nikakuita, "Papa, tumempata!" Uso wako ulivyofunguka, mpaka leo nikiufikiria natafuta mahali pa kukaa.

Kumbe kigingi kile walikuwa wamekipaka asubuhi ileile. Chokaa mbichi. Mutu wa bunduki asingekamatwa na chokaa, wala mutu wa mitego. Ni sisi tu, watu wa wavu, tunaobeba pori lote kwenye nyuzi, kila tulipopita panabaki. Mi nilikuwa nimeangalia nyayo zangu tu, nikazifuta kwa tawi. Wavu sikuuangalia.

Mlinzi wa serikali aliufungua pale kwenye kibanda cha kutokea porini, kama kawaida yake, akaunyanyua kwenye jua. Mstari mweupe, mrefu kama mkono. Akauliza, "Hii chokaa imetoka wapi?" Ukaugusa wavu kwa vidole. Ukanusa vidole. Ukageuza uso ukanitafuta, na kwa ukungu wote ule ulinipata. Mi nilikuwa naangalia chini. Mlinzi akauliza nani amevusha wavu. We ukasema, "Wavu ni wangu." Akauliza tena. Ukasema, "Nimesema wavu ni wangu."

Akachukua karatasi yako, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni. Sungura naye akabaki pale, mali ya serikali. Mzee Yohana alikugeuzia mgongo akaanza kufunga mbwa wake kamba. Kwa watu wa wavu hakuna aibu kubwa kuliko ile, na we uliibeba mbele ya watu wote, mzee mzima, na mi mwenye miaka thelathini na kitu nimenyamaza.

Njiani nilisukuma baiskeli, we umeshika kiti cha nyuma. Nilisubiri unigombeze. Nilitaka, Papa, kweli nilitaka, nilijua nikigombezwa nitalia na mambo yataisha. Tulipofika kwenye daraja ukasema, "Huu mnyororo unalia. Kesho utauwekea mafuta."

Ndiyo hayo tu. Mpaka ulipokufa, ndiyo hayo tu uliyosema juu ya siku ile.

Ulipokufa mvua ilikuwa imekaza. Wenzako walikuja makaburini wote, na mbwa wao, kwa heshima. Walimpa Mama mkono. Walishika sepetu. Nikangojea wafanye kile tulichokiona mara nyingi wakizika mwindaji: kila mmoja anainama, anatoa nyasi kwenye kengele ya mbwa wake, mbwa wanazunguka kaburi na kengele zinalia, ili mwenzao aachiwe kama mbwa anavyoachiwa asubuhi, aende. Hawakuinama. Nyasi zilibaki mule ndani. Mbwa wakapita kaburini kwako kimya. Mama akanishika mkono akaniuliza, "Mbona kengele hazilii?" Nikamwambia, "Labda wamesahau, Mama. Mvua."

Ule ulikuwa uongo wangu wa pili, na wa pili ni mzito kuliko wa kwanza, niamini.

Nilikaa nao tangu mvua mpaka kiangazi. Nilikuwa najiambia, mzee amekwishakufa, jina litamsaidia nini kule aliko? Najiambia, nikienda kasho Mama atabaki na nani? Mutu akitaka kunyamaza hakosi sababu. Halafu Mama akaacha kwenda kuwasalimia wake za wenzako. Akawa anasema, "Sijui tuliwakosea nini." Basi, sikuweza tena.

Kiangazi kilipofika shefu, mkubwa wa eneo lile, akaita watu, kama kila mwaka, wasomewe sheria na wapewe karatasi. Nikamwonyesha Mama funguo za kibanda ziko wapi. Nikavaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, maana nimesikia sementi ya kasho inaingia kwenye mifupa. Wee Papa! Lile jua la Imbo na sweta mbili! Nilikuwa natiririka jasho kama mwizi hata kabla sijaulizwa.

Nilikuwa nimepanga kungoja mpaka mwisho, nimwone shefu pembeni, tuzungumze kwa adabu. Lakini alipofika kwenye vigingi akasema, "Na hii si mchezo. Mwaka jana mzee mmoja wa Bwiza, mutu mnayemjua, alivusha wavu." Akaendelea kusoma. Papa, walikuwa wamekuingiza kwenye sheria! Nikaona mwaka kesho atasoma hivyo hivyo, na mwaka wa kesho kutwa, watoto watakua hawajui we ulikuwa nani, wanajua tu mzee mmoja wa Bwiza alivusha wavu.

Nikasimama. Nikasema, "Shefu, yule mzee hakuvusha. Ni mi."

Mlinzi, yule yule, akaniuliza, "We una karatasi?" Nikasema apana. "Unajua asiye na karatasi anaenda wapi?" Nikasema najua, na nimekuja na sweta. Mutu mmoja nyuma akacheka, kicheko kikamfia mdomoni. Nikaeleza yote. Sungura, hatua tatu, tawi la kufutia nyayo. Macho yako nayo nikayasema, nisamehe, ulikuwa hutaki yasemwe. Nililia pia, lakini nilimaliza.

Mzee Yohana akanyanyuka polepole, kofia mkononi. Akawauliza wenzake, "Siku ile Papa Faida alisema nini?" Akasema mwenyewe, "Alisema wavu ni wangu. Na ulikuwa wake. Hakusema nimeuvusha. Hilo tuliliongeza sisi." Akakaa. Aliendelea kuizungusha ile kofia mpaka mkutano ukaisha.

Nilidhani watanichukua palepale. Shefu alinong'ona na mlinzi muda mrefu, mi nimesimama tu na sweta zangu. Mwishowe akasema kasho ina watu wa kutosha. Akasema mvua imefuta chokaa na maji ya ziwa yalipopanda yamelaza vigingi vingine, na mwenye kuvuka kimoja atavisimamisha vyote na kuvipaka vyote, kila Jumamosi, peke yake, wengine wakiwinda. Akimaliza, akitaka, aje aombe karatasi yake mwenyewe. Nikamwambia asante, shefu, nikavua sweta moja.

Jioni ile nikamwambia Mama. Hakunipiga. Hakunisemesha siku mbili nzima, ananiwekea maji ya kuoga na kugeuza uso. Siku ya tatu akanipakulia bugali na sombe mpaka sahani ikafurika, akasema, "Kula." Nikajua tumepona.

Nilipaka, Papa. Nilikuwa nabeba ndoo ya chokaa kwenye kiti cha nyuma, nachimba, nasimamisha, nakaza kwa jiwe, napaka. Mikono ilichubuka mpaka dukani nikawa naficha vidole chini ya vitenge ili wateja wasiogope. Kutoka kule nilikuwa nasikia mbwa wa wenzako, kengele zinashuka bondeni, na mi niko na brashi yangu kama fundi rangi wa serikali. Jumamosi ya kwanza nilikuwa na hasira, nasema hawa wanafurahia. Baadaye nikaanza kuona vitu. Sungura wako wengi upande wa pili wa vigingi, Papa, karibu karibu na mstari. Wanafukuzwa huku, wanapumzika kule, jioni wanarudi kula huku. Nilikuta jike na watoto wawili, wamebanana kwenye nyasi umbali wa mkono wangu. Nikafikiri, kumbe ndiyo maana kila mwaka tunawakuta. Kama kila mutu angevuka hatua zake tatu, angebaki sungura gani wa kunifundishia?

Hukunieleza hilo. Au labda ulinieleza, na mi nilikuwa nasikia sheria tu.

Nilipopaka cha mwisho, Mzee Yohana alikuja nyumbani. Alimwomba Mama ruhusa. Jumapili ile tukaenda makaburini sote, na Watasema akiwa na kengele yako shingoni. Wazee wakainama mmoja mmoja, na magoti yao yale, wakatoa nyasi. Mbwa wakazunguka. Sijui kama kule uliko unasikia, lakini hapa zilisikika mpaka barabarani, watu wa pikipiki walisimama. Mama alilia kilio kile ambacho hakukilia siku ya mazishi. Mzee Yohana akasema na udongo, sauti ya chini, "Utusamehe, ndugu." Kila mutu akasikia na kila mutu akajifanya hakusikia.

Nilidhani baada ya hapo nitalala vizuri. Nalala, ndiyo. Lakini kuna kitu nimekuwa nakizungusha kichwani, na ndicho kilichonikalisha hapa leo. Kwa nini hukunigombeza? Mwanzo nilisema ni upendo, ulitaka kuniokoa na kasho. Ni kweli, lakini kasho ilipita, ulikuwa na miezi mizima ya kunigombeza nyumbani, mlango umefungwa. Nadhani nimeelewa. Ungenigombeza ungeniuliza kwa nini nilifanya, na mi ningelazimika kujibu: kwa sababu huoni tena, Papa, na nilikuonea huruma. Ulikuwa hutaki kulisikia hilo. Na mi nilikuwa tayari kuiba kwa serikali kuliko kulisema. Tulikuwa tunafichana kitu kimoja, mi na we, kila mmoja anadhani anamlinda mwenzake. Ningekwambia tu, "Papa, macho yamechoka, mi nitafunga wavu, we kaa uusikilize," labda ungekasirika wiki moja. Labda mbili. Halafu tungekuwa na msimu mzima pamoja. Nimekukosesha karatasi, na hilo nimelilipa kwa chokaa. Lakini nilikukosesha pia mutu wa kumwambia kwamba huoni. Hilo sijui linalipwa na nini.

Karatasi nimepewa, ina jina langu. Jana ilikuwa Jumamosi yangu ya kwanza. Nilifunga wavu mwenyewe, chini, vizuri, Mzee Yohana alizunguka nyuma akautazama na hakugusa kitu. Sungura aliamka mmoja tu. Akakata kushoto, akapita mahali ambapo hakuna wavu wa mutu yeyote, akavuka vigingi, akasimama. Papa, alisimama! Nilimwona ubavu unavyopanda na kushuka. Nikapiga mluzi. Watasema akarudi, taratibu, amechoka, akakaa miguuni pangu, tukamtazama pamoja mpaka alipoamua kuondoka.

Nikarudi na wavu mtupu kwenye baiskeli. Nilipofika pale njia inapogawanyika, tairi lenyewe lilitaka kugeuka kwenda kwenye mifereji. Nikalikataza. Nikapita barabara kubwa, katikati ya Bwiza, saa ile watu wote wako nje, wa baa, wa mikate, wa kusuka nywele. Mama Zaina akaniona toka mbali, akasimama kabisa, "Faida! Umeleta nini?"

Nikasema, "Sijaleta kitu, Mama Zaina."

Pumzika, Papa. Nenda salama, huna tena neno la mutu juu yako. Na hii nakuahidi: siku nitakazorudi bila kitu, na zitakuwa nyingi, nitapita hapo hapo barabarani, polepole, na kichwa changu juu.

Mwanao,
Faida